Nguzo Zilizong'aa kwa Oili Chafu

Naikumbuka siku niliyopaka oili chafu kwenye nguzo za nyumba yangu mpya, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyoonyeshwa kwamba nina macho na sioni. Nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, tunakaa shambani, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Kiranjeranje. Mke wangu, Somoe, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mvua za masika zikianza, njia ile haipitiki kwa gari. Siku ya uchungu tungefika zahanati kwa pikipiki yangu, au tusingefika.

Huku kwetu oili chafu haitupwi. Ukiimwaga, jirani ameshakuja na kopo lake, maana nguzo ikipakwa oili sehemu ya chini kabla ya kusimikwa, mchwa hupita mbali nayo. Nami kila nilipobadilisha oili ya pikipiki niliikinga kwenye karai, nikaipaka mitini moja kwa moja. Mara ya kwanza nilipaka nguzo za jiko, mara ya pili za choo, mara ya tatu ndiyo hizo za nyumba. Sikuitazama hata siku moja. Nani hutazama uchafu?

Siku hiyo akaja babu yake Somoe kumjulia hali mjukuu wake. Huyu Mzee Likwena ndiye aliyekuwa fundi pikipiki wa Kiranjeranje. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba huku macho yake yako kwenye nguzo nilizozilaza uani. Mti uliomenywa maganda ni mweupe, nao ulikuwa umekwisha kunywa oili. Kilichobaki juu kilikuwa kinametameta juani kama magamba ya dagaa. Nikadhani anaisifu kazi yangu.

"Bwana wewe, mke wangu unamjengea nyumba ya fedha?" akaniuliza.

Unajua desturi: babu humwita mjukuu wake wa kike mkewe, na aliyemwoa ni mwizi tu, wa kutaniwa mpaka kaburini. Somoe akacheka huko jikoni, akamwambia babu yake aache wivu, uzee umemfika. Nami nikacheka. Mzee hakucheka. Alipitisha kidole kwenye nguzo, akasugua, akaninyooshea mkono.

"Hii si oili peke yake. Hii ni pistoni yako. Unaipaka mitini."

Akataka kujua chujio la hewa liko wapi. Nilikuwa nimeling'oa, kama wenzangu walivyong'oa, ili pikipiki ivute hewa tele na ingurume watu wageuke. Kumbe ilikuwa inavuta na vumbi la njia ya mashamba, na vumbi ndani ya injini ni msasa unaokwangua pistoni. Nikajitetea kwamba inawaka kwa kiki moja, haitoi moshi, na jana tu ilipanda kilima ikiwa na magunia mawili ya muhogo. Mzee akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza nguzo zipi nilizipaka kwanza.

Tukaenda jikoni. Nguzo zake, pale oili ilipopanda juu ya ardhi, zilikuwa nyeusi tu. Tukaenda chooni, naye akainama kama anayetafuta sindano. Palikuwa na chembe chache, moja hapa, moja pale. Tukarudi uani penye nyumba ya fedha.

"Ya kwanza kimya," akasema. "Ya pili inanong'ona. Ya tatu inapiga kelele. Mtu huanguka siku moja, lakini huwa ameumwa siku nyingi kabla, bwana. Na huyu mke wangu ulitaka umpakie kwenye mgonjwa?"

Maneno hayo yaliniingia. Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu, lakini mawingu ya injini hayako juu. Yako chini, kwenye karai.

Tulipoifungua injini kwake, pistoni ilikuwa imekwaruzika mistari na ringi zimelika. Siku chache zaidi, akasema, ingekamata njiani, isizunguke tena. Silinda ikapelekwa Lindi kuchongwa, ipate pistoni mpya. Kwa siku tisa hatukuwa na pikipiki, mvua ikaanza kuonja ardhi, na Somoe akawa kila asubuhi anatazama njia. Siku ya kumi ikarudi, chujio likiwa mahali pake. Ya kumi na tatu, kulipopambazuka, uchungu ukaanza.

Nilimpakia Somoe, mama yake, aliyekuwa amekuja kumtunza, akakaa nyuma kumshikilia, tukaingia kwenye matope. Mara mbili tulikwama, mara mbili injini ikatutoa. Binti yetu alizaliwa zahanati kabla ya adhuhuri. Mzee alipokuja kumtazama alisema Mungu amemwongezea mke wa pili, na safari hii hatokubali aibiwe.

Tangu hapo sijaimwaga oili bila kuitazama. Nimeona watu wakiona oili nyeusi wanakata tamaa, na wengine wakiona chembe moja wanataka kufungua injini. Weusi peke yake si ugonjwa. Oili hufanya kazi, na afanyaye kazi huchafuka. Injini mpya nayo hutoa chembe kidogo mwanzoni, kisha hutulia. Jambo la kutazama ni mwendo: safari hii ikoje ukilinganisha na iliyopita.

Kwa hiyo, mwanangu unayeendesha pikipiki, nakuusia hivi. Imwage oili injini ikiwa na joto. Acha ya mwanzo ipite, kinga ya katikati kwenye kichupa kisafi na kikavu, uandike tarehe na kilometa. Kiweke pembeni ya cha zamani. Tone moja lidondoshe kwenye karatasi nyeupe, ulitazame juani. Pitisha sumaku: kinachoifuata ni chuma, kinachong'aa bila kuifuata huenda ni pistoni, maana hiyo ni alumini. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Na siku hizi mijini zipo maabara zinazopima hata kile ambacho jicho halikioni. Ukipata njia ya kupeleka, peleka, lakini usiridhike na jibu moja, lilinganishe na la safari inayofuata. Jirani mwenye nguzo atangoja. Mpe oili yake ukishaisoma.

Na ukiona jambo limebadilika, usione haya kumwambia fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wakati wa kujenga ukuta huenda kuna mtu amekaa nyuma yako anakutegemea.

Mungu akupe macho ya kuona mapema na moyo wa kukubali ulichokiona. Akuwekee wepesi katika kila njia, na kila utakayempakia umfikishe salama. Amina.