Siku Nilikata Dembo na Moto ya Mapine Ine

Nasema mi mwenyewe, kabla mutu mwingine wa hapa Manika abaelezee na kuongeza chumvi: ule mama muzee balimutoa mu matope mbele ya bakwe, na kiatu kimoja mu muguu, ni mi. Muanze kucheka, mukimaliza musikilize.

Nyuma ya nyumba zetu kuko dembo, bonde la majani na maji, haliko la mutu mumoja, ni la bote: tunachota maji pale, tunalima lengalenga pembeni. Sasa benye moto ya mapine ine (ile pikipiki inaunguruma sawa kinu cha mihogo) balikuwa banakuya kuchezea pale kila siku ya Mungu, mapine yanapasua udongo, kisima chetu kinageuka uji. Njo nikasimamisha miti yenye vitambaa vyekundu, nikatoa sheria: moto ipite njia ya juu, na mwenye kukata dembo abebe udongo mu basani, azibe alama zake mpaka mwenye kumushika aseme inatosha. Tata Ilunga, jirani yangu, baba wa batoto sita, nilimubebesha mpaka jioni. Sikumupa hata maji. (Maji nilikuwa nayo.)

Basi siku moja bakwe banatoka Mutshatsha kuomba kuoa mujukuu wangu Kapinga, kwa nyumba ya mutoto wangu, ng'ambo ya dembo. Kwetu, kambo, ni kusema bibi wa binti, ndiye anafungua mulango; kama hayuko, bakwe banasimama inje. Na bale mara ya kwanza balifika tukiwa mu kilio, balirudi. Kubasimamisha mu jua mara ya pili ni kubaambia hatubataki. Mi nilijua yote ile, lakini niliona kikwembe changu cha kujifunga hakifanane na cha bamama wengine, nikarudi kubadilisha. Kikwembe tu! Kutoka, njia ya juu imejaa makamyo, malori ya mawe, hakuna kupita.

Tata Ilunga huyu hapa, juu ya moto yake.

"Kata dembo," nikamuambia.

"Kambo, si weye uliniazibu?"

"Leo tu. Mi niliweka miti, mi naitoa."

"Lakini pale katikati..."

"Tata, unanifundisha dembo?"

Nikang'oa miti, nikapanda, nikamupiga mugongo sawa punda. Tulienda muzuri, kitambaa cha kichwa kinapepea (nisidanganye, nilipiga vigelegele), halafu mapine ya mbele yakazama, mi nikapita juu ya kichwa cha tata Ilunga nikakaa mu matope mpaka kiuno, na kila nikijivuta nazidi kuingia.

Njo batu bakatokea kwa kajia ka miguu, bamevaa muzuri, mumoja na jogoo mu mikono. Batu bawili bakanivuta. Kiatu kikabaki.

"Pole, mama," mama mumoja akasema. "Makamyo yalituzuia, tukashuka kutembea. Tulikuta miti ya hapa imeng'olewa, tukairudisha. Banasema mwenye kulinda dembo hii ni kambo mumoja mukali sana. Akikukuta hapa, maskini weye!"

Tata Ilunga akaanza kukohoa.

"Munaenda wapi?" nikauliza, na jibu nilikuwa nimeliona kwa ule jogoo.

"Kuomba Kapinga."

Ningetaka dembo inimeze yote. Lakini alama za mapine zilikuwa pale, ndefu, zinaniangalia.

"Kambo mukali ni mi, na Kapinga ni mujukuu wangu," nikasema. "Ilunga, leta basani."

Mama mukwe akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akavua viatu, akafunga kikwembe chake juu. "Mwenye kufungua mulango iko hapa," akasema, "siye twende kusimama wapi?" Akabeba udongo na mi.

Na tata Ilunga, kwa sababu ni yeye alinishika, akakaa juu ya moto anakunywa maji polepole. "Bado, Kambo," anasema. "Bado."

Kapinga aliolewa. Mi sibadilishe kikwembe tena mara mbili, na mu dembo naingia na miguu yangu tu. Sheria ingali ile ile, musijaribu. Nimegeuza kitu kimoja: mwenye kubeba udongo, namupa maji.