Maji Waliyonichotea

Hadi leo nikikumbuka kile kisima damu inanichemka.

Nilikuwa nafanya kazi maabara ya chuo, tukitengeneza dawa inayong'aa kijani ikikutana na floraidi, yale madini yanayotia meno ukahawia. Unadondosha matone mawili kwenye kichupa cha maji, unamulika kwa taa ya zambarau kama ile ya kukagulia noti bandia, basi. Meno yangu mwenyewe ni ya kahawia. Maji ya kisima cha zamani, kwetu chini ya mlima Sagalla, ndiyo yaliyatia rangi hiyo.

Kilipochimbwa kisima kipya, dada yangu alikuwa na binti wa miaka miwili, meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi. Nikamwomba mama chupa moja ya maji ya kisima hicho. Ikaja kwa bodaboda hadi Voi, kisha kwa basi, imefungwa kwa kitambaa safi. Nikapima mara tatu. Hakuna mwanga. Nikaandika kuwa ni salama, nikatia sahihi, na mwenyekiti wa kamati ya maji akaisoma karatasi kanisani.

Mwaka uliofuata nilikuja likizo na dawa na kitochi changu cha zambarau mfukoni, nataka tu kujionyesha pale kwenye kisima kipya. Lo! Kichupa kikawaka kijani, mama akarudi nyuma.

"Mama, yale uliyonitumia uliyachota wapi?"

"Tangi la kanisa. Ya mvua." Akanishangaa. "Ningewapelekea watu wa chuo haya ya chumvichumvi, mwanangu? Wangesema kwetu hatujui kumpa mgeni maji."

Nilimfokea mama yangu mzazi, tena mbele ya watu. Kisha nikamvaa mwenyekiti. Akasema pampu haifungwi kwa sababu ya kitochi, na karatasi anayo, yenye sahihi yangu. Afadhali angenizaba kofi. Mjinga gani anapima maji asiyoyachota mwenyewe? Mimi, na digrii yangu!

Nikaenda moja kwa moja kwa dada. Binti yake alikuwa anakunywa kikombeni. Nikampokonya, nikamuuliza dada ana akili kweli, meno yangu hayaoni?

Hakuinua sauti.

"Nilikuwa napanda mlimani kila siku kumchotea ya chemchemi," akasema. "Niliacha siku ile karatasi yako iliposomwa."