Upepo wa Ndege Kubwa Haujibizani na Mtu

Leo nimenyamaza mbele ya watu, na mashahidi ninao.

Binti yangu Atieno anasomea urubani. Leo amerusha kidege cha viti viwili peke yake kwa mara ya kwanza.

Nilisimama kando ya uwanja na mwalimu wake, redio ikiwa wazi. Mbele ya Atieno ikatua ndege kubwa ya abiria.

Mwalimu akanieleza kwamba mabawa ya ndege kubwa huacha nyuma yake vimbunga visivyoonekana, na vinaweza kukipindua kidege. Inabidi Atieno abaki juu ya njia ya ndege hiyo, atue mbele ya pale ilipogusa ardhi.

"Basi mwambie!"

"Baba Atieno, anajua. Ukimsemesha sasa utamvuruga."

Mimi, ninayegombana na wanasiasa hapa mtandaoni kila asubuhi! Mtaa wetu mzima wa Satellite unajua sinyamazi.

Bawa la kushoto la kidege likazama ghafla.

Nikafungua mdomo. Hakukuwa na wa kumkaripia. Upepo hauna ofisi wala msemaji.

Kisha injini ikanguruma, akapaa tena, akazunguka, akatua salama.

Desturi ya marubani ni kummwagia maji anayeruka peke yake mara ya kwanza. Wakanipa mimi ndoo. Nikaiinua vibaya, nikajilowesha suruali na viatu.

"Dadi, si unimwagie mimi?" akacheka.

Kesho anaruka tena, na ndege kubwa zitakuwepo.

Nyinyi wenye watoto wanaofanya kazi kama hizi, mnashikilia nini mkiwa huku chini?