Nilimshikisha Baba Mkwe Jiwe Lisilo Lake

Mimi ni mtu mbaya. Naanzia hapo, ndugu yangu, ili ukitaka kuacha kusoma uache mapema. Nilimdanganya kipofu, nikamcheka, na uongo wangu ndio aliozikwa nao.

Naishi Juba, mtaa wa Buluk. Mume wangu ni dereva wa lori, leo yuko Nimule, kesho Torit. Yeye alizaliwa kambini Uganda. Mimi ni wa kabila jingine, na wakati wa vita wazazi wangu walinilea Kitale. Ndiyo maana nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili, hata na baba mkwe, Mungu amrehemu, ambaye macho yake yalimharibikia huko huko uhamishoni.

Tangu tuliporudi, mzee huyo alikuwa na ombi moja tu. Nje ya mji kuna kilima, na juu yake kuna mwamba uliochongwa ng'ombe na watu wa kale, wa zamani mno, hakuna anayewajua. Kila nyumba ya ukoo wao ina ng'ombe wake pale. Mtoto wa nyumba hupelekwa, anavuliwa viatu, anashikwa kidole na kupitishwa kwenye mchongo, kutoka pembe mpaka mkia. Ng'ombe wenu haelezwi kwa mdomo. Anaonyeshwa kwa kidole, basi.

Mume wangu hakuwahi kuonyeshwa. Katika nyumba yao nzima, aliyekuwa anamjua ng'ombe wao alibaki mmoja, yule yule kipofu.

"Macho ya mimi imekufa," alikuwa akisema, huku ameinua kidole. "Lakini hii kidole inajua ngombe ya sisi."

Nguvu zilikuwa zinamwisha. Mume wangu akaniomba: "Mpeleke Jumamosi na Viola. Utakuwa macho yangu. Nikirudi safari utanionyesha." Viola ni binti yetu, wakati huo ndio kwanza anaunganisha maneno.

Jumamosi! Siku hiyo hiyo rafiki yangu alikuwa anaolewa mtaa wa Hai Mauna, na mimi nilikuwa mmoja wa wanaomsindikiza bibi harusi. Nywele nilishasuka. Gauni lilikuwa linanisubiri kitandani. Nilimpandisha mzee kwenye raksha, ndiyo bajaji ya huku, nikiwa nimenuna, nikamwambia dereva, kijana wa Kiganda, akimbize.

Njiani dereva akasema, "Madam, mpaka kule raksha hapana fika. Mtashuka mtembee, halafu mpande." Nikaangalia jua. Nikaangalia mzee na fimbo yake. Nikawaza kumkokota kipofu mlimani, mtoto mgongoni, jasho linaharibu nywele zangu. Pembeni ya barabara kulikuwa na mahali ambapo akina mama wanapasua kokoto. Nikamwambia dereva asimame. Aliponishangaa, nikamkonyeza.

"Tumefika, Baba!"

Mungu wangu, jinsi alivyofurahi! Alivua kandambili zake hapo hapo, akatembea pekupeku juu ya mawe makali, mimi nimemshika kiwiko. Nikamfikisha kwenye jiwe moja kubwa. Akapiga magoti, akamshika Viola kidole, akaanza kutafuta.

"Babu, jiwe moto," Viola akalia.

"Ngoja, mama. Ngoja kidogo. Iko hapa."

Mimi nilirudi kwenye kivuli cha raksha. Dereva alikuwa anacheka chinichini, na mimi nikacheka. Si hivyo tu. Nilitoa simu, nikamrekodi mzee wa watu akipapasa jiwe tupu, nikawatumia wenzangu wa harusini: mzee anatafuta ng'ombe, nakuja. Wakacheka wote! Video hiyo nimeshaifuta kwenye simu yangu, lakini kwenye simu zao bado ipo.

"Mama Viola," akaniita. Sauti ilishabadilika. "Hapa hapana kitu."

Ningeweza kusema tumekosea njia. Sentensi fupi tu! Lakini harusi ilikuwa inaanza.

"Watu wa kokoto wamepasua, Baba. Malesh, pole sana. Wamefuta zote."

Nyundo zilikuwa zinagonga pande zote, ko, ko, ko. Akageuza uso kuzisikiliza. Hizo nyundo ndizo zilizomfanya aniamini.

"Zote?"

"Zote, Baba. Twende, jua kali."

Alivaa kandambili, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto, na sikumrekebisha. Harusini niliwahi. Nilicheza mpaka kiatu kikakatika.

Kuanzia siku ile mzee aliacha kula. Mume wangu aliporudi alimkalia kitandani: "Baba, hata kama wamefuta, niambie tu. Ya kwetu ilikuwa ipi?"

"Ya sisi hapana iko tena. Khalas." Akageukia ukuta.

Siku moja nilimpelekea uji tukiwa wawili tu ndani. Akanishika mkono, ananibana. "Mama Viola, hata pembe moja hapana baki?"

Hapo, ndugu yangu! Hapo ndipo ningeweza kuokoa kila kitu. Kilima kiko pale pale, raksha zimejaa barabarani, watu wa kumbeba wapo. Lakini nikamwogopa mume wangu. Nikasema, "Hata moja, Baba. Kunywa uji."

Hakunywa. Wiki ile ile tukamzika.

Msibani akaja shangazi mmoja wa ukoo, wa nyumba nyingine. Aliposikia habari ya nyundo akapiga kofi. "Nani amepasua? Jiwe iko! Mimi nilipita pale juzi, niligusa ngombe ya nyumba yetu!"

Watu wote wakanigeukia. Mume wangu naye. Na mimi, shetani, nikajibu kwa upole: "Tulifika mpaka juu, shangazi. Baba aligusa mwenyewe, akasema haipo. Labda akili ilikuwa imeshachoka."

Wakanikubalia. Mpaka leo wanasema mzee alichanganyikiwa.

Baada ya msiba tulipanda kilimani. Ng'ombe wapo! Wamejaa mwamba mzima, michongo ina kina, kidole kinazama. Mume wangu alivua viatu, akapitisha kidole kwa mmoja, akaenda kwa mwingine, akamaliza wote, akarudi kwa wa kwanza.

"Baba, yetu ipi?" Viola akauliza.

Akavaa viatu vyake. Wakati wa kushuka ndipo akasema, "Sasa nimeelewa. Baba alimgusa, akamjua, akakunyima wewe na mtoto kwa makusudi. Kwa sababu wewe si mtu wa kwetu." Kisha akanikumbatia, akaniomba radhi kwa niaba ya marehemu! Nikalia. Akadhani nalia kwa kutukanwa.

Tangu hapo hataki kusikia jina la baba yake. Kaburi halijajengewa. Ndugu zake wakimsema, anawafokea kwa ajili yangu. Ananipenda kuliko zamani, na kila akinishika nasikia ule mkono wa mzee siku ya uji.

Wewe unayesoma, kama kuna mzee anakusumbua umpeleke mahali, mpeleke! Acha harusi, acha nywele, mpeleke mpaka pale pale alipotaja. Na kama umeshamdanganya, mwambie leo angali hai, hata kama utafukuzwa. Kufukuzwa ni nafuu kuliko haya ninayolala nayo.

Juzi nimejifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi yao angeitwa jina la babu. Shangazi alikuja kuomba, mume wangu akamtoa nje. Kisha akambeba mtoto, akaketi karibu yangu, akasema, "Huyu tutamtafutia jina kwa upande wenu. Nyinyi hamjatunyima kitu."

Nikamwambia asante.