Masikio wa Behewa la Tatu

Mtoto wa dada yangu aliisikia ile reli wiki tatu kabla ya mtu mwingine yeyote, na wiki zote tatu mimi nilikuwa nimekaa kiti kinachotazamana na chake, nikimwambia aache kunichosha. Naanza na hilo ili nisije nikajipamba huko mbele.

Nyumbani tunamwita Masikio. Si kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa na yenyewe yapo. Alipokuwa na miaka minne alijua nani anakuja kwa mlio wa ndala tu, kabla mtu hajafika mlangoni. Akisema, "Mamdogo huyo, tena amekasirika," basi kweli nilikuwa nimekasirika. Sasa ana miaka ishirini na miwili na anatengeneza simu katika duka moja mjini. Kutwa ameinamia meza, anabadilisha vioo, spika na matundu ya chaji. Mteja akilalamika kwamba simu inakwaruza, wenzake hushika bisibisi. Yeye huiweka sikioni kwanza.

Mimi nashona matundu ya vifungo kwenye kiwanda cha sare, mwaka wa ishirini na sita huu, katika ukumbi wenye mashine themanini zinazonguruma kwa pamoja. Masikio yangu yamechakaa. Televisheni naifungulia mpaka jirani anapata taarifa ya habari bure. Lakini mguu wangu wa kulia, ule wa kwenye pedali, haujachakaa. Sindano ikitaka kukatika, unyayo unaniambia kabla. Wenzangu hunicheka, ila wakiona nimeinua mguu na wao huinua.

Sote wawili tulikuwa tukipanda treni ya saa kumi na mbili na robo asubuhi, behewa la tatu, kwa sababu ikifika mjini mlango wake hufungukia mbele ya ngazi. Abiria wa behewa hilo tunajuana kwa viti kuliko kwa majina: muuguzi, fundi bomba na sanduku lake la vifaa, mwalimu anayesahihisha madaftari magotini, binti wa benki anayejipaka rangi ya mdomo bila kioo wala kukosea. Siku hizi hatuongei. Kila mtu ametia vitu vyake masikioni, na ukitaka kumsalimia mtu lazima umguse bega, naye anashtuka kana kwamba umemwamsha.

Masikio hutengeneza muziki kwa simu. Hana gitaa wala kinanda. Anarekodi mfuniko wa sufuria, mlango wa jokofu, cherehani ya mama yake, kisha anakata na kuunga mpaka vinatoka vimekuwa ngoma. Mwaka huu akarekodi treni. Reli yetu ni ya kizamani, vipande vyake vimeungwa kwa chuma na bolti, na gurudumu likivuka kila kiungo hugonga: ka-ta, ka-ta. Juu ya daraja la mto mlio huo huwa mzito, unatwanga. Hapo ndipo alipochukua biti.

Asubuhi moja alinivisha hedifoni zake. Nikasikia ile ka-ta ikitembea, cherehani ya dada yangu ikiipita juu, na tangazo la stesheni limekatwakatwa hadi limekuwa kiitikio. Nikajikuta natikisa kichwa bila kupenda.

"Sasa sikia kabla sijausafisha," akasema.

Nilisikia kitu kile kile.

"Hukusikia kigugumizi? Katikati ya daraja kiungo kimoja kinagonga mara mbili. Ka-ta, ka-ta-ta. Kilikuwa kinaniharibia wimbo, nimekikata."

Alisema kwa fahari, na mimi nikampongeza. Fundi akiona uzi umetokeza kwenye nguo, hukata. Sikuona kosa lolote, na nadhani hata leo ningempongeza.

Wimbo ulisambaa. Alimpa muuguzi, muuguzi akampa mwalimu, na baada ya siku chache behewa zima lilikuwa linasikiliza treni ndani ya treni. Fundi bomba aliufanya mlio wa simu yake. Nilijitia kulalamika kwamba wananipigia kelele, huku moyoni nimevimba kwa majivuno. Masikio, ili apate nafasi kwenye simu, alifuta rekodi zote za mwanzo na kubakiza wimbo uliosafishwa.

Kisha akaacha kusikiliza muziki. Hedifoni zikawa shingoni tu. Tukikaribia daraja alikuwa akiegemeza kichwa kwenye ukuta wa behewa na kufumba macho, midomo inahesabu.

"Kinazidi," aliniambia. "Juzi kilikuwa kigugumizi. Leo ni kofi."

"Kofi utalipata kwangu. Watu wanakutazama."

"Mamdogo, kama husikii, vua kiatu. Weka unyayo sakafuni."

"Nivue kiatu ndani ya treni, nimechanganyikiwa?"

"Si mashine unaisikia kwa mguu?"

"Sikio halipiti kichwa, baba," nikamjibu, na nikaona nimemuweza.

Kesho yake alinitaka tukae karibu na mlango. Sikumuuliza kwa nini, na nilijua vizuri kwamba siulizi kwa sababu naogopa jibu.

Zamani kulikuwa na mkaguzi aliyetembea juu ya reli na nyundo ya mpini mrefu, anagonga kila kiungo na kusikiliza. Alipostaafu hawakuajiri mwingine. Waliweka skrini ofisini kwa mkuu wa stesheni. Huko ndiko Masikio alikonivuta jioni ile. Mkuu wa stesheni ni mtu mpole, mwenye meza safi na feni inayolia, na nyuma yake ile skrini ina mstari mrefu wa kijani kutoka kwetu hadi mjini. Masikio akamwekea wimbo, maana ndio pekee uliobaki kwenye simu.

"Huu naujua. Binti yangu anao," alisema mkuu wa stesheni. "Sasa kigugumizi chenyewe kiko wapi?"

"Nilikikata, mzee."

"Ulikikata."

"Ndiyo, mzee."

Kesho yake asubuhi akarekodi upya, jioni tukarudi. Mkuu wa stesheni alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani na kuifuta taratibu.

"Hapa kweli panagonga," alisema. "Lakini, kijana, jana umeniambia unaweza kukitoa. Nitajuaje kwamba leo hukukitia?" Akaelekeza kidole nyuma. "Pangekuwa na ubaya, mfumo ungeonyesha nyekundu."

Mimi nilimshukuru mkuu wa stesheni na kumwomba radhi kwa kumpotezea wakati.

Ijumaa, katikati ya daraja, alifumbua macho ghafla.

"Kimenyamaza."

"Afadhali."

"Si afadhali, Mamdogo. Kitu kikigonga bado kimeshikwa mahali. Kikinyamaza..." Hakumaliza. Tulikuwa tumeshavuka. Aliinuka akashika mpini mwekundu wa dharura, akauvuta kwa mikono miwili.

Treni ilifunga breki na watu wakaangukiana. Sanduku la fundi bomba lilisafiri hadi mlangoni, madaftari ya mwalimu yakatapakaa. Dereva na kondakta walishuka, wakainama chini ya mabehewa, wakakagua magurudumu yote, hawakuona kitu. Walikuwa wanatazama treni. Reli ilikuwa nyuma yetu, juu ya maji, na hakuna aliyegeuka kuiangalia. Behewani maneno yalikuwa yanatoka ambayo siwezi kuyaandika, na waliokuwa wakali zaidi ni wale wale waliokuwa na wimbo wake mfukoni.

Kondakta alimshika mkono. "Ana mtu wake humu huyu?"

Msimamizi wangu kazini alikuwa ameshanionya kuhusu kuchelewa. Hilo ndilo nililokuwa nafikiria, kama mnataka kujua. Nikatazama dirishani. Masikio alinitazama mara moja tu, kisha akamjibu kondakta, "Sina mtu. Niko peke yangu."

Walimshusha stesheni iliyofuata, wakampiga picha na kumpiga marufuku kupanda treni hiyo hadi shauri lake lisikilizwe. Nilifika kazini, nikashona matundu mia mbili, nayo yalitoka yamenyooka. Niliona aibu hata kwa hilo.

Nyumbani alimwambia mama yake kwamba ameshushwa, basi. Mimi hakunitaja. Tangu hapo akawa anaondoka kabla hakujapambazuka kwenda kupanda basi. Jioni alikuwa ananiambia "Shikamoo, Mamdogo" kwa heshima zote, akiwa mbali. Hakurekodi tena kitu. Dada yangu aliniuliza mtoto ana nini, nikasema labda ni mapenzi.

Jumatatu nilikaa peke yangu karibu na mlango. Daraja lilipokaribia nilivua kiatu cha kulia na soksi, nikaukanyaga ule ubaridi wa sakafu. Mwalimu aliniangalia juu ya madaftari. Viungo vikapita chini ya unyayo wangu kimoja kimoja, wazi kabisa, nikashangaa nimesafiri miaka yote bila kuvijua. Katikati ya daraja hapakugonga kitu. Sakafu ilizama. Ilizama kidogo, ikarudi, na mzamo huo nauelewa: kitambaa hulegea hivyo hivyo kabla sindano haijakatika.

Nilivaa kiatu. Nilijiambia ni mawazo. Jioni tulirudi kwa treni hiyo hiyo, juu ya daraja hilo hilo, watu zaidi ya mia tatu, na mimi nikiwa najua. Hiyo siku moja sijamwambia mtu yeyote ila nyinyi.

Jumanne nilivuta mpini. Niliuvuta kabla ya daraja, si baada, na treni ikasimama na pua yake karibu na mto. Kondakta alikuja anahema.

"Mama mzima na wewe?"

"Usiinamie magurudumu," nikamwambia. "Twende darajani."

Nilitembea mbele na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Dereva alinifuata, kondakta nyuma yake, na fundi bomba akiwa na spana. Mkuu wa stesheni angekuwapo angefuta miwani. Pale katikati, kile chuma kinachounga reli mbili kina matundu manne ya bolti. Matatu yalikuwa matupu. Ile ya nne fundi bomba hakuhitaji hata spana. Aliizungusha kwa vidole viwili ikatoka kama kifuniko cha chupa, akabaki nayo kiganjani. Kati ya ncha za reli kondakta aliingiza mkono wake ubapa, ukaenea, akautoa haraka. Tuliona maji chini kupitia hapo.

"Sikio la kufa," fundi bomba alisema taratibu, na hakuna aliyemmalizia.

Dereva alivua kofia. "Nani alikuambia, mama?"

"Mwanangu," nikasema. "Yule mliyemshusha Ijumaa. Ni mwanangu, na mimi nilikuwepo nikanyamaza."

Nilisema kwa sauti kubwa, mto wote usikie. Aliyestahili kusikia alikuwa ndani ya basi upande wa pili wa mji.

Mafundi wa reli walifika baada ya saa nzima. Walibadilisha chuma, wakafunga bolti nne mpya na kuzikaza mpaka wakatoka jasho. Dereva akamuuliza mkubwa wao kuhusu viungo vingine.

"Cha darajani tumekikaza," yule akajibu huku anakusanya vyombo. "Kati ya hapa na mjini viko zaidi ya elfu mbili. Mfumo haujaonyesha kitu."

Tukarudi behewani, kwa kuwa treni nyingine haikuwapo. Muuguzi ndiye wa kwanza kuchomoa vitu vyake masikioni. Alizungusha waya kwenye vidole, akautia mkobani. Binti wa benki akafuata, kisha wote. Simu ya fundi bomba ililia ule wimbo, treni yetu imesafishwa haina doa, naye akaikandamiza kwa mikono miwili hadi ikanyamaza. Mwalimu aliinama kufungua kamba za viatu. Nilimtumia Masikio ujumbe: *Nisamehe. Walikuta bolti moja.* Ulifika, lakini haukusomwa.

Tulivuka daraja. Ka-ta, ka-ta, ka-ta, safi mpaka ng'ambo, na mtu mmoja nyuma akashusha pumzi. Stesheni ya kwanza ikapita. Stesheni ya pili ikapita. Behewa zima lilikuwa linasikiliza, watu wazima sitini kimya na miguu mitupu, na tulipofika kwenye kona ya maghala, pale treni inapoanza kushika kasi, tulikisikia wote kwa pamoja: ka-ta, ka-ta, ka-ta-ta.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Tuligeukia kiti cha Masikio atuambie, na hakukuwa na mtu.