Mwaka Niliouza Vitenge Nyawera

Wiki mbili za kwanza sikuruhusiwa kusema na mteja. Kazi yangu ilikuwa kukunja. Patroni wangu, mjane mnene mwenye sauti ndogo, alikuwa na butiki ya vitenge katika mtaa wa Nyawera, kando ya barabara kubwa, na aliamini kwamba mtu asiyejua kukunja hawezi kuuza. Asubuhi alichukua kitenge kimoja, akakitupa juu ya meza kikafunguka chote, akaniambia, "Kirudishe vile kilikuwa." Nikakirudisha. Alikitazama kidogo, akakitupa tena. Nilikuwa na miaka ishirini, diploma yangu ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, iko nyumbani Kadutu ndani ya bahasha, na baba yangu, mwalimu, alikuwa ameniahidi kwamba chuo kingefuata. Nilidhani kukunja nguo ni jambo ambalo kila msichana anazaliwa nalo. Hadi saa sita vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Baada ya hapo alinifundisha kusema. Mteja anapewa kiti kabla hajaambiwa bei. Usitazame viatu vyake. Usimwambie "hakuna", mwambie "ngoja nitazame", hata kama unajua hakuna. Na zaidi ya yote, muulize nguo ni ya nini.

"Mutu hanunui kikwembe bure," aliniambia; kitenge yeye alikiita kikwembe. "Iko ndoa, iko batizo, iko komunyo ya mutoto. Ukisha kujua ni ya nini, umesha kuuzisha."

Nililipenda sana hilo swali. Nililifanyia mazoezi nyumbani, mbele ya kioo cha mama yangu, kichwa nimekiinamisha kidogo upande. "Ni ya nini, maman?" Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa parokia yetu, mwimbaji wa korali, mwanamke mrefu aliyevaa vizuri na kutembea polepole. Nilimuuliza, naye akanieleza ndoa ya mpwa wake tangu uchumba mpaka mahari. Alitoka na vitenge vitatu. Patroni hakunisifu, lakini mchana alinitumia kikombe cha chai yenye maziwa, nami nikajua kwamba nimepita mtihani.

Ilikuwa mwanzo wa mvua, mwaka ule ambao vita vilipanda kutoka bondeni. Sisi tulivijua kwa wateja. Wanawake wa Luberizi, kule bondeni, waliokuwa wakija kuchukua vitenge vya kwenda kuuza kule walikoma kuja. Kisha wa Kamanyola, karibu zaidi nasi. Redio ilisema mambo yake, baba yangu alisema mambo mengine, lakini mimi niliamini viti vilivyobaki vitupu. Hata hivyo mjini watu waliendelea kununua. Walioa, walibatiza. Patroni alisema vita ni vya kule chini, havitaweza kupanda mlima wa Ngomo.

Asubuhi moja, mvua imekatika tu, mwanamke aliingia bila viatu. Miguu ilikuwa imevimba, tope limefika magotini. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni, amemfunika mpaka kichwa kwa sababu ya mvua, ndivyo nilivyofikiri. Nilitazama miguu yake kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Nilidhani amekuja kuomba. Lakini patroni alikuwa chumba cha nyuma, mlango uko wazi, nami nilitaka asikie jinsi ninavyompokea kila mtu sawa.

"Karibu, maman. Kaa. Unatafuta nini?"

Hakukaa. "Amerikani. Ile nyeupe."

Nilishusha robota la pamba nyeupe, nikalitandaza mezani. Nikainamisha kichwa upande.

"Ni ya nini, maman? Ya batizo? Ya huyu mutoto?"

"Ndiyo," alisema. "Ya huyu."

Nilifurahi kwamba nimekisia sawa. Nikashika metre ya mbao ya kupimia. "Basi tukate kubwa kidogo. Batoto banakua mbio."

"Huyu hatakua tena," alisema. "Alikufa jana mu njia, kule Nyangezi."

Alisema hivyo kwa sauti ileile ya kuomba amerikani. Nakumbuka kwamba nilikuwa bado natabasamu. Nilijua kuwa natabasamu na nilijua kuwa sipaswi, lakini uso wangu haukusikia. Yeye alianza kufungua fundo la kifuani, akapitisha mkono nyuma, akamleta mtoto mbele kwa namna ambayo kila mama anamleta mtoto anayetaka kumnyonyesha. Akamlaza mezani, juu ya ile nguo nyeupe. Alikuwa msichana, wa miezi sita au saba. Katika sikio moja alikuwa na kishada kidogo cha uzi mwekundu.

Sikupiga kelele. Nilisimama na ile metre mkononi, nikawaza jambo la kipumbavu kabisa, kwamba patroni atakasirika kwa sababu nguo imelowa.

Patroni alitoka. Alitazama meza, alinitazama mimi, akamtazama mwanamke. "Funga mulango," aliniambia. Nikafunga. Kisha akaja, akauweka mkono wake juu ya kichwa cha mtoto, akauacha hapo.

"Pole, mama. Baba yake iko wapi?"

"Tulipotezana Kamanyola. Masasi ilianza kupigwa, yeye akakimbia na mutoto mukubwa, mimi na huyu. Alikuwa na homa. Kupanda Ngomo alikuwa analia. Kisha akanyamaza. Nikawaza amelala."

Alikuwa ametembea na mtoto huyo mgongoni kutoka Nyangezi mpaka kwetu, amepita makanisa na nyumba za watu, kwa sababu, alisema, hakutaka kumzika ndani ya kitenge chenye tope. Alianza kufungua ncha ya nguo yake alipofunga pesa. Patroni alimshika mkono, akaifunga ile ncha tena yeye mwenyewe.

Tulichemsha maji. Mama alimwogesha mtoto katika beseni ya butiki, akaomba sabuni, akaosha hata nyuma ya masikio. Mimi nilishika taulo. Alipomaliza, patroni alinipa mkasi.

"Kata."

"Maman, siwezi."

"Ulimuuliza ni ya nini. Amekuambia. Sasa kata."

Nilikata. Katika maisha yangu sijakata nguo vibaya kama siku ile, ukingo ulikwenda kama njia ya konokono. Mama aliikunja sehemu iliyopinda ndani, ili upande ulionyooka ubaki nje.

Mchana huohuo mtoto alizikwa katika makaburi ya Ruzizi, hapo mjini. Tulikuwa watu wanne pamoja na padri. Tuliporudi, patroni alinivuta kando, akaniambia kwamba kuanzia siku hiyo katika butiki yake hakuna tena kumuuliza mtu nguo ni ya nini. Akitaka kusema, atasema mwenyewe. Nilitaka kumjibu kwamba yeye ndiye aliyenifundisha. Lakini niliona kwamba alikuwa anajiambia yeye zaidi kuliko mimi.

Yule mama, ambaye tulimwita mama wa Luberizi kwa sababu ndiko alikotoka, hakuwa na pa kwenda, akabaki nyumbani kwa patroni, nyuma ya butiki. Siku ya tatu alikuja mbele akaanza kukunja bila kuambiwa, na alikunja vizuri kuliko mimi. Siku ya tano alianza kuuza. Alikuwa mlimaji wa mpunga, amezoea nguo ya kazi, alichukua kitenge, akakivuta kwa mikono miwili, akakiinua penye mwanga, na kumwambia mteja, "Hii itachuja, maman. Chukua ile." Niliogopa patroni atamfukuza. Wateja wakazidi kumtafuta yeye.

Haikuchukua muda. Vita vilipanda Ngomo kama vile yule mama alivyopanda. Siku mji ulipoanguka tulikuwa tumelala chini katika shule ya masista, watu wengi juu ya sakafu moja, na mizinga ilifanya vioo vya madirisha vilie. Tulipotoka, siku ya tatu, tulienda butiki pamoja. Mlango ulikuwa umelazwa barabarani. Etajeri zote, zile rafu za vitenge, zilikuwa tupu, hata ile metre ya mbao ilikuwa imechukuliwa. Mzee wa nyumba ya pili alitueleza akitazama chini: askari waliokuwa wanakimbia ndio waliovunja, wakachukua walichoweza kubeba. Kisha wakaita watu waje kuchukua kilichobaki.

"Bantu gani?" patroni aliuliza.

"Bantu," mzee alisema. "Sisi bote."

Hilo lilinipiga kuliko mlango uliovunjika. Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia askari, na sasa nilitembea Nyawera nikitazama madirisha ya majirani. Jumapili ya pili, kanisani, nilikiona. Kulikuwa na kitenge cha bluu chenye matawi ya manjano ambacho patroni alileta kwa mara ya kwanza wiki ile ya mwisho. Tulikuwa hatujauza hata kipande. Kilikuwa kimevaliwa na mama wa korali, yule mteja wangu wa kwanza. Alisimama mbele pamoja na wenzake, akaimba. Sikusikia chochote cha misa ile.

Nilimweleza patroni. "Nimeona," alisema tu.

Alikopa mali kwa rafiki wa Uvira, akafungua tena na etajeri moja, nami nikarudi kazini, kwa kuwa vyuo vilikuwa bado vimefungwa. Siku chache baadaye, asubuhi, mama wa korali aliingia. Alikuwa amevaa kitenge kilekile. Patroni aliinuka, akavuta kiti.

"Karibu, maman. Kaa."

Mama wa korali alikaa, akaweka mikono yake juu ya magoti, akafungua mdomo. Lakini mama wa Luberizi alikuwa ameshafika mbele yake.

"Maman, hiyo kikwembe nilikikunja mimi na mikono yangu."

Mama wa korali alishika ukingo wa nguo yake, kama mtu anayetaka kuufunika mguu. Alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Kisha akainuka, akatoka, akitembea upesi. Nakiri kwamba moyoni nilishangilia.

Patroni alimgeukia mama wa Luberizi. Sijawahi kuona uso wake umekaza namna ile.

"Umenifukuzia klienti."

"Ni mwizi."

"Kikwembe kilisha kwenda. Yeye alikuwa angali hapa."

"Mimi nilizika mutoto mu nguo ya hii butiki," mama wa Luberizi alisema. "Siwezi kuona mutu anaiiba halafu anapewa kiti."

Patroni alichukua mwavuli, akatoka. Alirudi kutoka kwa mama wa korali baada ya saa nzima, viatu vimejaa tope, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akatueleza polepole. Nyumba ya mama wa korali ilikuwa imeporwa pia, nguo zote, hata mashuka ya kitanda. Aliachiwa gauni la kulalia alilokuwa nalo mwilini. Askari walipotupa vitenge barabarani, aliokota kimoja akajifunga. Alikivaa kanisani kwa sababu hakuwa na kingine. Na asubuhi ile alikuwa amekuja kukiri na kuomba apewe muda wa kukilipa.

"Angesema," mama wa Luberizi alijibu, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Alikuwa anafungua kinywa," patroni alisema. "Mimi nilimuona."

Mimi pia nilikuwa nimemwona akifungua kinywa. Nilisimama pale nikaona jinsi ambavyo siku zote zile nilijihesabu mtu mwema kwa sababu sikuokota kitu, wakati mimi nilikuwa na nguo za kubadilisha. Patroni na mama wa Luberizi hawakupatana kamwe juu ya jambo lile, ingawa waliendelea kula sahani moja. Miezi ilipita, ndipo habari ikaja kutoka Burundi kwamba mume wa mama wa Luberizi yuko hai, na mtoto wao mkubwa pia. Yeye alifunga kifurushi chake kidogo, na patroni akamsindikiza mpaka penye magari ya kwenda bondeni.

Mama wa korali hakurudi butiki. Patroni alimtumia ujumbe mara mbili, bila jibu. Mama yule alipopita Nyawera alipita upande wa pili wa barabara. Kanisani hakusimama tena na wenzake. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, amevaa sketi ya kuazima iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu.

Jumapili moja nilikwenda kukaa benchi lake. Nilikuwa nimeandaa maneno nyumbani, nikayasahau yote. Alisogea kidogo kunipa nafasi. Tulisimama, tulipiga magoti, tulisimama. Wakati wa sadaka aliinama upande wangu, bila kunitazama.

"Chuo kitafunguliwa lini?"

"Wanasema mwezi ujao, maman."

"Uende," alisema. "Usingoje."