Baba na Mchezaji Aliyedaiwa Kukabwa

Leo posa ya dada yangu nusura ivunjike kwa sababu ya mpira wa kikapu.

Wageni wamefika kwetu mjini Sib baada ya Alasiri. Kumbe baba wa kijana anayeposa alicheza mpira wa kulipwa zamani, akapambana na timu ya baba yangu.

Sasa, tangu tuko wadogo Baba anatusimulia mechi yao moja, jinsi alivyomkaba mshambuliaji hatari wa wapinzani asifunge kitu.

Mshambuliaji ndiye huyu, amekaa kwetu anakula halwa.

Na Baba akaisimulia tena. Mbele yake!

Mgeni akafuta vidole, akatoa simu, akatuonyesha picha ya takwimu za mechi ile. Kafunga pointi arubaini.

Mimi namimina kahawa kwenye finjani iliyojaa.

Dada akapiga kelele kutoka ukumbini: "Baba, sema kweli, mie nataka kuolewa!"

Baba akavua miwani. "Alinishinda. Nliona haya kuwambia wanangu."

Mgeni akacheka. "Usijali. Mie wangu nimewambia nlifunga sitini."

Bwana harusi akamgeukia baba yake taratibu.

Posa imekubaliwa.

Nyie wazee wenu wamewapiga fiksi gani?